Kampeni ya kununua au ya kujitungia? Tunaanza Dungeons & Dragons, naomba ushauri

kusi_na_kaskazi:
Wakuu habari za jioni. Tuko watano hapa Dar, tumekubaliana kuanza kucheza Dungeons & Dragons, ule mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu, kila Jumamosi, kampeni moja yaani stori ndefu ya vikao vingi, na ugemu masta, yaani msimuliaji na mwamuzi, nimeachiwa mimi kwa sababu ndo niliyesoma sheria, wenzangu wanne hawajawahi hata kushika dadu la pande 20. Sasa nimekwama. Kuna ile stori iliyotoka na boksi la wanaoanza la mwaka 2014, Lost Mine of Phandelver, kila ninayemuuliza anaisifia. Alafu kuna ya kwangu ambayo iko kichwani muda mrefu, Kilwa ya miaka ya 1330, Ibn Battuta kapita juzi tu, sultani ni yule al-Hasan bin Sulaiman, dhahabu ya Sofala inashuka bandarini, mitepe imejaa, kasri la Husuni Kubwa liko pale juu ya mwamba, alafu humo tunatia majini na uchawi. Naipenda sana na naona wenzangu watazama ndani haraka kuliko kwenye misitu ya Neverwinter ya hiyo stori ya boksi. Ila ramani, maadui, hesabu za mapigano, vyote nitoe mwenyewe na ndo kwanza naanza? Ninunue au nitunge?

Mshika Ramani:
Nunua mkuu, au azima kwa mwenye nayo. Wahusika watano wako tayari, inawatoa levo (ngazi ya nguvu) 1 mpaka 5, na mwanzo wake ni mwepesi, mnasindikiza mkokoteni kwenda mji wa Phandalin, njiani mnakuta farasi wawili wamekufa na goblini wanne, vile vijitu vifupi viovu, wamejificha vichakani. Basi. Hapo hapo watu wanajifunza zamu, kujificha, kupiga, kuponyana. Na usiwadharau hao goblini, kila pigo ni dadu la pande 6 ongeza 2, mchawi wa levo 1 mapigo mawili tu yuko chini. Ila angalia aliyeandika kafanya nini, kasema kabisa kwamba wachezaji wakishindwa goblini hawawaui, wanawaacha wamezimia, wanawapora na mkokoteni wao, wanarudi zao pangoni. Yaani hata kushindwa kuna pa kwenda, stori haifi. Mambo kama hayo anayeanza hayafikirii mwenyewe, anawaza ushindi tu, siku kundi zima linaanguka kikao cha kwanza anabaki anatazamana na wenzake. Alafu ukishatoka kwenye pango la kwanza njia inafunguka, pale mjini kuna watu kadhaa kila mmoja na shida yake na wachezaji wanachagua waanze na ipi. Isome kwa jicho hilo, imekaaje, sio inasema nini tu.

Bi Sauda:
Mshika Ramani nakuheshimu ila hapa nakataa. Kitabu cha mtu mwingine kinataka ukisome ukimeze, chukua Curse of Strahd, kampeni nyingine ya kununua ya 2016, kurasa 256, na mchezaji akiuliza jina la mama muuza mkate wewe uko mbioni unapekua kurasa na meza nzima imenyamaza inakusubiri. Kilwa yako unaijua, ukiulizwa chochote unajibu papo hapo, na hiyo sauti ya mtu anayeamini anachosema wachezaji wanaisikia, hainunuliwi.

Ila mwanangu usitunge pwani nzima. Watu wanajaza daftari kwa wafalme wa Mogadishu mpaka Sofala alafu kikao cha kwanza wachezaji wanakaa sokoni masaa matatu. Tunga kisiwa kimoja, watu watatu wanaotaka kitu kimoja na hawawezi kukipata wote. Nahodha, mtu wa kasri, na mganga wa bara, wote wanatafuta mzigo mmoja uliopotea. Mwisho USIUANDIKE, andika tu kila mmoja atafanya nini kama hakuna wa kumzuia. Na saa unayo tayari, upepo. Kusi ikishika yule nahodha anatweka tanga kwenda zake Hindi na mzigo, awe kapatikana au hajapatikana, huhitaji kumwambia mtu "harakisheni", upepo unawaambia.

Hesabu za mapigano zisikutishe, sheria za msingi zile za SRD 5.1 ziko bure chini ya Creative Commons tangu Januari 2023, chukua namba za goblini zilivyo, mpe sura na jina unalotaka wewe.

reli_1899:
Mimi niko Nairobi, naona mnabishana kama lazima mtu achague moja. Sisi tunacheza Call of Cthulhu, mchezo wa aina hiyohiyo ila wa kutisha, na kuna kampeni yake kubwa ya 1984, Masks of Nyarlathotep, inaanzia New York, inapita London na Cairo, alafu inafika hapa kwetu Kenya, mwaka ni 1925. Njama tumeiacha ilivyo maana imesukwa vizuri mno, lakini mji tunautia sisi. Mhusika Mwafrika anatembea na kipande, kile kitambulisho cha mkoloni, shingoni na askari anaweza kumsimamisha saa yoyote. Harry Thuku, yule mpinga ukoloni, bado yuko uhamishoni, risasi walizopigwa waliodai aachiwe Machi 1922 kila mtu anazikumbuka, kwa hiyo mgeni akija kuuliza uliza maswali mtaani nani atamwamini? Mifupa ya kitabu, nyama yetu, na hicho kipande kimetuletea wasiwasi mezani kuliko zimwi lolote.

kusi_na_kaskazi:
Asanteni sana, Bi Sauda shikamoo. Hilo la upepo limenikaa kabisa. Nawaza hivi, nachukua ule mwanzo wa mkokoteni na pango na kuuhamishia bara mkabala na Kilwa, msafara umebeba pembe, umevamiwa, wachezaji wanafuata nyayo mpaka pangoni, alafu wakivuka kurudi kisiwani tunaingia kwenye ya kwangu, wale watu watatu na mzigo. Inawezekana au nitaharibu?

Bi Sauda:
Marahaba. Inawezekana, ila mzigo unaotafutwa kisiwani uwe umetajwa pangoni, hata kwa barua moja au pete, la sivyo utakuwa na stori mbili.

Mshika Ramani:
Fanya hivyo mkuu, sina pingamizi. Cha kuangalia levo tu, pango lile likiisha wapandishe levo 2 kabla hawajavuka, na kisiwani usiwaletee adui mzito mapema. Na ile ya goblini kutoua wakishinda ihamishe vilevile, wavamizi wako wawateke wawauze kwa yule nahodha, hapo hata wakipigwa wanafika Kilwa.