Nungwi, Paje au Mafia? Nawapeleka wajukuu Desemba, nisaidieni kuchagua

BibiWaWatatu
Wapendwa habari zenu. Shule zikifunga Desemba nataka nichukue wajukuu zangu tukae kisiwani siku chache, wa kwanza ana 17, anayefuata 15, kitinda mimba 13. Mimi magoti yananisumbua so mambo ya kupanda na kushuka boti kila siku siyawezi, ila pia sitaki nikalishwe kwenye kiti niwe mlinzi wa taulo, nataka na mimi niingie baharini. Nimebakiza sehemu tatu: Nungwi/Kendwa au Paje kule Unguja, au kisiwa cha Mafia. Mkubwa anataka kujifunza kaiti (ile ya kuteleza juu ya maji ukivutwa na tiara), wa kati ni picha na intaneti tu, mdogo ukimtajia samaki na kasa hali chakula. Mngekuwa nyie mngeenda wapi?

Tumu_K
Shikamoo bibi. Kwa magoti hayo Kendwa, sina mjadala. Kule maji hayakimbii sana yakikupwa, unatoka chumbani unaingia kuoga saa yoyote unayotaka, na mchanga ni laini hamna mawe. Nungwi penyewe pale Mnarani kuna bwawa la kasa, mdogo atafurahi. Ubaya wake ni vijana wa ufukweni, watakufuata na tripu na shanga mpaka uchoke, na usiku kuna miziki. Afu angalia tarehe, mwezi mpevu Kendwa huwa wanakesha na party ufukweni, na una mtu wa miaka 17 hapo 😅

mtoto_wa_kusini
Mafia jamani! Desemba ndo msimu wenyewe wa papa potwe, kuanzia Oktoba mpaka kama Februari wanakuja karibu kabisa na mji wa Kilindoni, samaki mrefu kuliko hiyo boti mnayopanda na hana shida na mtu. Huyo wa 13 hatasahau maisha yake yote. Matumbawe ya Chole nayo yako ndani ya hifadhi ya bahari toka 1995 kwahiyo samaki wapo wa kutosha (kiingilio cha hifadhi mnalipa, mkiweke kwenye bajeti).

Tumu_K
@mtoto_wa_kusini Mafia nzuri sikatai, ila soma alichoandika bibi. Papa potwe unamwona kwa kuruka toka kwenye boti na kurudi kwenye boti. Na kufika kwenyewe ni kandege kadogo toka Dar au boti toka Nyamisati, huku bara. Wa 15 asiyetaka bahari siku nzima atafanya nini kule? Mafia ni ya mtu mwenye siku nyingi na anayependa utulivu.

Nahodha Mstaafu
Mama, kabla ya kuchagua pwani angalia mwezi, maana hapa wote wanaongelea sehemu hamna anayeongelea tarehe na tarehe ndo inaamua. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama panakuwa na bamvua, yani maji yanajaa na kukupwa kupita kawaida, na kwetu Unguja siku za bamvua maji yanakauka mida ya saa nne asubuhi na yanajaa mida ya saa kumi jioni. Paje siku hizo asubuhi utatembea mpaka karibu na mwamba hujapata maji ya magoti, na njiani kuna wale viumbe wa baharini wenye miiba mirefu myeusi, viatu vya maji lazima. Wageni wengi wanafika wanaona mchanga mtupu wanalalamika hoteli imewadanganya. Lakini ukienda siku za maji mafu, yani mwezi ukiwa nusu, inageuka: saa nne asubuhi maji yamejaa, jioni ndo yanakupwa na hayaendi mbali sana. Kila siku yanachelewa kama dakika 50 hivi so ukijua ya siku ya kwanza unahesabu mwenyewe zilizobaki.

Kwa hesabu hiyo Paje inakufaa. Asubuhi unaoga wewe na watoto, mchana upepo ukishashika na maji yakipungua mkubwa anaingia darasa la kaiti maji ya kiunoni, ndo kina kizuri kwa anayeanza. Ila kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, inashika vizuri kuanzia katikati ya Desemba, ukiwahi sana utakuta upepo wa kubahatisha.

Zuhra.J
Naunga mkono nahodha. Kaiti haifundishiki kwa tripu ya siku moja toka Kendwa, mtoto anahitaji siku kadhaa mfululizo, so kama ni la kweli mlale Paje au Jambiani. Mdogo mpelekeni Michamvi, mnapanda boti kwenda kuogelea na miwani, ni karibu tu, viti vya pweza (wale wenye umbo la nyota) vipo vingi ila asivitoe majini kwa picha, vinakufa. Msitu wa Jozani mnaupita njiani mkitoka mjini, wa kati atapiga picha za kima punju mpaka simu ijae. Na wakitembea kijijini wavae nguo za heshima, nguo za kuogelea ziishie ufukweni.

BibiWaWatatu
Marahaba Tumu, na asanteni wote. Nahodha umenifungua macho, nilikuwa naangalia picha za hoteli tu. Basi Paje, na nitasubiri wiki ya mwezi nusu baada ya katikati ya Desemba. Mafia nitamwachia baba yao. Zuhra, huko Michamvi boti mtu anapandia wapi, kwenye maji au kuna ngazi?

Zuhra.J
Kwenye maji bibi, mpaka mapajani na ngazi ni fupi. Maji yakiwa yamejaa waambie wasogeze boti karibu, watu wawili watakushika mkono. Au kaa ufukweni uwape muda wa kurudi, pana kivuli.