"Mama, wewe rudi kwa omena yako": fundi wa kamera amenitusi mbele ya wateja

Nyar_Kondele
Sijalala. Yule fundi wetu wa Kondele hapa Kisumu, mnamjua, yule wa meza iliyojaa rimoti zisizo na betri, ameniambia mbele ya wateja sita: "Mama, wewe rudi kwa omena yako, stima niachie mimi." Omena yangu, dagaa ninaouza! Hiyo omena ndiyo iliyomlipa elfu nne!

Kisa ni kamera ya uani. Adapta ya volti 12 iko dukani, kamera iko nyuma, mita 25. Akaunga waya mwembamba kama uzi wa kushonea vifungo, akashika pesa, huyo akaenda. Mchana kamera inaona vizuri. Saa moja jioni taa zake za gizani zikiwaka tu, inazima. Inawaka, inazima, usiku kucha inamkonyeza mwizi.

Nikamwita. Akachomoa kamera, akagusisha mita yake ya kupimia volti kwenye ncha ya waya: 12! Akaiinua juu kama refa na kadi nyekundu, soko lote lione. Nikamwambia apime kamera ikiwa imechomekwa. Hapo ndipo alipocheka. Alicheka mpaka kuku wa jirani wakaruka ua. "Mama, wewe rudi kwa omena yako."

Jana usiku nimeazima mita, nikapima mwenyewe kamera ikifanya kazi. 8.6! Na ni mimi wa kurudi kwa omena?

Waya_Mnene
Mama yuko sawa kabisa. Bila kamera hakuna kinachovuta stima, kwa hivyo hata waya wa unywele utasoma 12. Volti zinapotea mzigo ukivuta. Na mita 25 ni za kwenda, kuna 25 za kurudi. Waya wa milimita 0.2 za mraba, mita 50, ni kama omu 4.3. Kamera ikivuta ampea 0.8 usiku, volti 3.4 zimeishia njiani. Ungewekewa wa 1.5 ungepoteza nusu volti tu. Ama vuta soketi ya 240 hadi uani, adapta ikae karibu na kamera, kwenye kisanduku kisichoingia mvua.

Kijana_Nyalenda
Elfu nne kwa uzi wa vifungo? Mama, mwizi alipita mchana, kamera ikiwa inaona vizuri 😂

Nyar_Kondele
Cheka tu. Wateja SITA. Mmoja wao ni mkwe wangu! Nitamwangaliaje?

Bondeni_Nax
Afadhali wewe. Huku Nakuru mwenye nyumba amelisha vyumba vinane kwa mita moja ya stima. Nikichemsha chai, televisheni ya jirani inazima, halafu tokeni nanunua mimi!

Kijana_Nyalenda
Tokeni ni nini? Sisi mfereji unakohoa hewa tangu Jumapili na bili imekuja.

Bondeni_Nax
Bili ya hewa?

Kijana_Nyalenda
Ya hewa, ndugu yangu. Na imepanda.

Min_Akinyi
Nyar Kondele, gorogoro, lile kopo la kupimia, ya omena ni pesa ngapi siku hizi? Niliyonunua juzi hapo Kondele ilikuwa mchanga mtupu.

Nyar_Kondele
Mchanga sio wangu! Mimi naanika juu ya nyavu, uliza soko zima!

Min_Akinyi
Basi ni nani anaanika chini? Mjukuu amevunja jino.