Mila za parokia kongwe za Dar: tupeane uzoefu

Mwanzisha mada: Tumsifu Yesu Kristo! Parokia zetu za zamani zina namna zake za kutenda mambo, na wanaozijua wanazidi kupungua. Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu pale Kivukoni lilianza kujengwa 1897 likakamilika 1902. Kabla yake, mwaka 1888, watawa Wabenediktini wa St. Ottilien, Ujerumani, walikuwa wamefungua misheni Pugu, nayo ikashambuliwa Januari 1889. Baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia watawa Wakapuchini wa Uswisi wakaichukua kazi, na 1953 Dar es Salaam ikawa jimbo kuu. Sasa tuandike mambo yanavyofanyika, kwa undani, ili vijana wa sakristia, chumba cha kuandalia ibada, wapate pa kuanzia.

Sakristia: Milele Amina. Naanza na majivu. Wiki mbili kabla ya Jumatano ya Majivu, tangazeni waamini warudishe matawi ya Jumapili ya Matawi ya mwaka uliopita. Yaanikeni juani mpaka yavunjike kwa vidole, kisha mchome ndani ya debe kavu. Msiwashie mafuta ya taa: harufu haitoki, na majivu yanakuwa na utelezi. Moto ukishaanza kufa, funikeni debe. Mkiuacha uunguze mpaka mwisho, majivu yanakuwa meupe na hayaonekani kwenye paji la uso. Yakipoa, twangeni kwenye kinu kidogo, mchekeche mara mbili kwa chekeche la unga. Kapu zima la matawi hutoa majivu kidogo sana, kwa hiyo kusanyeni mengi.

Na jambo kubwa kuliko yote: msiyakoroge kwa maji mengi yakawa uji. Majivu yakilowa hutoa magadi makali, na watu wamewahi kuungua ngozi ya paji la uso. Yatumieni makavu, matone machache ya maji ya baraka wakati wa kuyabariki yanatosha.

Katekista: Naongezea vitabu vya ubatizo, maana hapo ndipo wachumba wengi wanapokwama. Kwa ndoa, cheti cha zamani kilichohifadhiwa kabatini hakitoshi. Kinatakiwa kipya, kwa kawaida kisichozidi miezi 6, kutoka parokia ulikobatizwa, kwa sababu pembeni mwa jina lako kitabuni ndipo huandikwa Kipaimara na ndoa. Paroko anataka kuiona hiyo pembeni. Uliyebatizwa Mahenge au Bukoba, anza kufuatilia mapema, kabla hata ya kupanga tarehe ya ukumbi, kwa kuwa matangazo ya ndoa nayo yanasomwa Jumapili 3.

Kosa la kawaida ni kutafuta kwenye parokia isiyo yenyewe. Kama ulibatizwa kigangoni, yaani kanisa dogo lililo chini ya parokia, na kigango kikaja kuwa parokia baadaye, jina lako limebaki kwenye kitabu cha parokia mama. Njoo na mwaka, majina ya wazazi na ya msimamizi. Kwa wazee, tafuta pia kwa Kilatini: Yosefu ameandikwa Josephus, Yohane ni Joannes.

Mwanakwaya: Kengele nazo zisisahaulike! Kwa sala ya Malaika wa Bwana ni mapigo 3, kimya, 3, kimya, 3, kisha 9: asubuhi, saa sita mchana na jioni. Kipindi cha Pasaka, mahali pa sala hiyo husaliwa Malkia wa Mbingu. Kuanzia wimbo wa Utukufu (Gloria) wa Alhamisi Kuu kengele zinanyamaza mpaka Utukufu wa Mkesha wa Pasaka, na mahali pake hugongwa kibao. Kwa minara ya karibu na bahari, kagueni minyororo na vyuma kila mwaka. Chumvi inavila kutoka ndani wakati rangi bado inang'aa.

Sakristia: Kweli kabisa. Na Mkesha wenyewe huku kwetu huangukia masika. Kuni za moto mpya zikae ndani siku kadhaa, na turubai liwe tayari. Mshumaa wa Pasaka uhifadhiwe umelazwa pahali pasipo jua, la sivyo unapinda. Padri huchora msalaba, Alfa, Omega na tarakimu za mwaka, kisha huchomeka chembe 5 za ubani. Toboeni matundu mapema kwa msumari wa moto, kwani nta ngumu hupasuka chembe zikilazimishwa. Feni zote zizimwe kabla maandamano hayajaingia mlangoni. Baada ya Pentekoste mshumaa unahamia kwenye kisima cha ubatizo; utawashwa kwa ubatizo na mazishi.

Katekista: Hilo la feni lipewe mtu mmoja kwa jina, tena asimame kwenye swichi.