Kihenge cha chuma au ghala la magunia kwa AMCOS yetu ya Misungwi? Naomba ulinganisho

KatibuMtunza: Wakuu, salaam. Bodi ya AMCOS yetu (chama cha msingi cha ushirika wa mazao) inakaa wiki ijayo kuamua. Mezani kuna kihenge cha chuma cha tani 500, ghala jipya la magunia la ukubwa huohuo, au kukarabati ghala la zamani la pamba. Muuzaji wa kihenge anasema kitajilipa chenyewe. Mnashaurije?

ZegeNaNondo: Mkuu, hujasema zao gani, udongo gani, umeme wa namna gani. Bila hayo tutapiga ramli.

MamaChaga: Na wanachama wanauza kwa pamoja au kila mtu na mzigo wake? Hilo lina uzito kuliko bei.

KatibuMtunza: Mpunga ndio mwingi, mahindi kidogo, dengu na choroko kwa msimu wake. Kiwanja ni udongo wa mbuga, ule mweusi mzito, jirani na majaruba. Umeme wa njia moja upo, fezi tatu tumeomba.

ZegeNaNondo: Mbuga! Basi anzia hapo. Udongo huo masika unavimba, kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Ghala likipata ufa unaziba, maisha yanaendelea. Kihenge kikiinama upande mmoja, mabati yanabeba mzigo yasiopimiwa na bolti zinaanza kukatika. Itabidi mchimbe mbuga yote hadi mkute udongo mgumu, mjaze moramu kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka limwagiwe maji na kushindiliwa, ndipo uje mkanda wa zege wenye nondo. Angalia kama hiyo imo kwenye bei ya muuzaji.

Halafu, tani 500 za nini? Wengi huandika kwa ngano, takriban kilo 770 kwa mita ya ujazo. Mpunga ni kama 580. Kihenge hichohicho kitabeba mpunga tani 375 hivi, basi.

Feni_ya_Chini: Mnamtisha Katibu bure. Kihenge panya haingii, mwizi habebi gunia begani, hamnunui magunia kila msimu, na gesi ya kuua wadudu inatulia ndani kama maungio yamezibwa vizuri. Shida ya kweli ni unyevu. Mpunga uingie ukiwa na asilimia 14 au chini, mahindi 13.5 au chini, na kila gari lipimwe juu, katikati na chini ya mzigo. Feni inapoza nafaka, haikaushi. Anayemwaga mpunga wa asilimia 18 akitegemea feni anapika pombe. Usiku paa la bati likipoa, hewa ya moto inayopanda kutoka kwenye nafaka inageuka matone na kudondoka juu ya rundo, hapo ndipo ukungu unapoanzia na sumukuvu, sumu ya huo ukungu, kufuata. Huku kwetu ziwani alfajiri hewa imejaa maji, kwa hiyo feni iwashwe mchana, unyevu wa hewa ukiwa chini ya asilimia 65. Mvua ikianza, izimwe na mdomo wake ufunikwe.

MamaChaga: Na feni hiyo inataka fezi tatu ambayo bado ni maombi. Tena mazao manne kihenge kimoja, yatakaaje? Dengu na choroko zinaenda stakabadhi ghalani (mzigo unawekwa ghalani, unauzwa kwa risiti yake), mnunuzi anaangalia daraja. Kwenye kihenge mpunga wenye mawe na mpunga safi vinakuwa kitu kimoja, halafu mwenye mpunga safi anakuja ofisini kugomba. Ghala la mita 12 kwa 34 linapokea tani 500 za mpunga ukipanga hadi mita 3.5 kwenda juu. Chaga (fremu za mbao za kuinua magunia) chini, mita moja toka ukutani, njia katikati. Kupiga gesi: turubai maalumu, kingo zikandamizwe kwa mifuko mirefu ya mchanga, siku 7 bila kufunua, na mpiga dawa awe na leseni.

Dumuzi77: Wote mmesahau kokuni, yale mahema ya plastiki yasiyopitisha hewa. Zipo za tani 50, zinatandikwa ndani ya ghala lolote, wadudu wanakosa oksijeni wanakufa bila dawa.

MamaChaga: Panya akitoboa je? Na ukifungua kutoa gunia tano, hewa imeshaingia, unaanza upya.

MzeeWaGinneri: Vijana, hatari ya kihenge iko kwenye kumwaga kuliko kujaza. Kuna chama kimoja kanda hii, jina tuliache. Kihenge chao kilikuwa na tundu la katikati na mawili ya pembeni. Mpunga uliingizwa bila kupepetwa, makapi na kamba za magunia vikaziba katikati. Lori likisubiri, wakafungua la pembeni. Nafaka ikashuka upande mmoja, upande wa pili ikabaki imesimama inasukuma ukuta. Bati la tatu kutoka chini likabonyea, bolti zikaanza kulia moja baada ya nyingine, lori bado linapakia. Kijana mmoja alitaka kuingia kwa juu akavunje mgando kwa mti, wakamshika. Nafaka inayoshuka inammeza mtu hadi kifuani kwa sekunde chache, na humtoi kwa kumvuta mkono. Katikati kwanza, siku zote. Pembeni msifungue mpaka nafaka ya katikati iishe kutiririka yenyewe. Na mashine ya kusafisha ikae kabla ya eleveta, ile inayopandisha nafaka juu.

Feni_ya_Chini: Shikamoo Mzee. Hilo kosa ni la waendeshaji.

ZegeNaNondo: Na mwendeshaji AMCOS itamtoa wapi? NFRA, wakala wa taifa wa hifadhi ya chakula, wana vihenge Shinyanga, lakini wao wanashughulika zaidi na mahindi na wana mafundi wa kudumu.

MzeeWaGinneri: Marahaba. Mimi ningeanza na lile la pamba. Vyama vikuu vya ushirika vilifutwa 1976, vikarudishwa 1982, na majengo mengine bado yamesimama. Pima sakafu: tandika nailoni mita moja kwa moja, ziba kingo zote kwa utepe wa gundi, iache usiku kucha. Ukikuta matone chini yake, maji yanapanda kutoka ardhini, chaga peke yake hazitoshi.

KatibuMtunza: Mlango wake ni mita 2.4 tu, lori haliingii.

MamaChaga: Lisiingie! Jengeni kibaraza chenye paa, mpakie hapo.

Dumuzi77: Mbao za paa je? Dumuzi, yule mdudu mtoboa mahindi, anaishi hata kwenye mbao. Hapa nchini aligunduliwa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, na tangu hapo hajaondoka.

KatibuMtunza: Kuna ungaunga sakafuni chini ya kenchi mbili.

Dumuzi77: Uchekeche, tuma picha ya mdudu utakayemkuta. Piga karibu, mgongo wake uonekane.