Tupeane uzoefu: gari gani la 4x4 linastahili kuaminiwa katika safari ndefu za porini?

Mwanzisha mada, Morogoro

Ndugu wanachama, salaam. Natafuta gari la mtumba litakalonichukua mimi, mke wangu na watoto wawili kutoka Morogoro hadi Ruaha, kisha Katavi, na Mungu akijalia tufike Kigoma, huku tukilala kwenye mahema na kujipikia wenyewe. Sifa za magari nimezisoma kiasi cha kutosha, na kila muuzaji niliyezungumza naye ameniapia kwamba la kwake halina mfano. Kwa hiyo naomba ushabiki wa majina tuuweke kando. Atakayechangia aeleze barabara aliyopita, mzigo aliobeba, kitu kilichoharibika na nani alikitengeneza. Hilo la mwisho ndilo linalonishughulisha zaidi, kwa sababu gari bora linaloweza kulala porini wiki nzima likisubiri kipuri kutoka Dar es Salaam, kwangu mimi mwenye watoto halina tofauti na gari bovu.

Mchangiaji wa Arusha

Mkuu, ukisimama Mto wa Mbu asubuhi na mapema ukayatazama magari yanayopanda kwenda Ngorongoro, utaona kwamba mengi ni Land Cruiser za jamii ya 70, zilizokatwa na kurefushwa katika karakana za hapa Arusha na kuwekewa paa la kuinuka. Kampuni za utalii hazichagui gari kwa mapenzi. Zinahesabu siku ambazo gari limelala gereji huku mgeni ameshalipa. Mimi nimeendesha magari hayo kwa miaka mingi, na kabla ya hapo nilikuwa fundi, kwa hiyo nitasema ninachokijua.

Mkonga, yaani Land Cruiser hiyo yenye bomba la kuvuta hewa lililopanda hadi usawa wa paa, ukiwa na injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2, silinda sita kwenye mstari mmoja, isiyo na tabo, una nguvu za farasi zipatazo 130 tu. Hiyo ni nguvu ndogo kwa gari zito, na mlimani utakaa nyuma ya lori ukivuta moshi wake. Faida yake ni kwamba pampu ya dizeli inafanya kazi bila kompyuta, na fundi yeyote aliyewahi kugusa gari la polisi, la hospitali ya wilaya au la halmashauri ameshaifungua injini hiyo. Njia ya kutoka Engaruka kwenda Engare Sero, kandokando ya Oldoinyo Lengai, ina vumbi la majivu laini linaloingia kila mahali, na kabla ya hapo kuna makorongo ya mchanga na mawe. Tukiwa na wageni sita, mizigo na maji, pande la kwanza la springi ya nyuma lilikatika. Tulijikongoja hadi kijijini, ambako fundi mmoja alitoa pande la gari chakavu lililokuwa nyuma ya nyumba yake, akalipunguza urefu kwa msumeno, akafunga, na jioni ileile tukawa kambini. Springi za koili zingetupa usingizi mzuri zaidi njiani, lakini koili iliyokatika haiungwi.

Mambo mawili usiyadharau. Kwanza, mkanda wa taimingi wa 1HZ hubadilishwa kila kilomita 100,000, na muuzaji akishindwa kukuonyesha kumbukumbu, ubadilishe siku hiyohiyo uliyonunua, kwa sababu ukikatika vali hugongana na pistoni. Pili, kichujio cha hewa kikung'utwe kila jioni ukiwa kwenye vumbi. Watu hununua mkonga wakadhani lile bomba linachuja vumbi, kumbe linachukua tu hewa ya juu iliyo safi kidogo.

Watoto wako watalalamika, hilo nakuhakikishia. Gari lina kelele na linarusha.

Mchangiaji wa Nairobi

Ndugu wa Morogoro, naomba nieleze safari ya Ziwa Turkana, kwa sababu barabara yenyewe ilitufundisha zaidi ya magari. Tulikwenda familia mbili, magari mawili, kupitia Maralal, Baragoi na South Horr hadi Loiyangalani, tukarudi kwa North Horr, Chalbi na Marsabit. Gari langu lilikuwa Prado ya petroli ya lita 2.7, ile isiyo na nguvu ambayo watu huicheka. La mwenzangu lilikuwa la dizeli ya kisasa, jipya kuliko langu, lenye nguvu na starehe, na jina lake silitaji kwa sababu kilichotokea kingeweza kulipata gari la kampuni yoyote lenye mfumo wa namna hiyo.

Baada ya Baragoi mwenzangu alijaza dizeli iliyotoka kwenye pipa. Hatukwenda mbali kabla taa haijawaka kwenye dashibodi na injini kujipunguzia nguvu yenyewe, ikawa inatambaa hata kwenye tambarare. Nozeli, yaani vinyunyizio vya mafuta, za injini hizi zinapokea mafuta kwa shinikizo kubwa mno, na matundu yake ni membamba kiasi kwamba maji kidogo au uchafu usioonekana kwa macho unatosha kuziathiri. Tulimwaga maji yaliyokusanyika kwenye chujio, tukabadilisha chujio lenyewe, lakini taa haikuzimika, na hakuna aliyekuwa na mashine ya kusoma kompyuta ya gari mpaka tulipofika mjini Marsabit. Sehemu nyingine nililivuta kwa kamba.

Nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kushusha salfa, ambayo nayo hudhuru mifumo ya kisasa ya ekzosi, katika dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni kuanzia Januari 2015, na vituo vya mijini vinauza mafuta hayo. Pipa la porini, hata hivyo, halijui makubaliano hayo. Ukitamani Prado ya dizeli ya lita 2.8 kutoka Japani, zile za kuanzia 2015, fahamu kwamba zina chujio la masizi kwenye ekzosi linalohitaji kuchomwa kwa mwendo wa kasi, na zinatumia kimiminika cha urea ambacho utakipata mjini, lakini dukani Baragoi usikitegemee. Kwa safari yako ningechagua petroli ya kawaida kuliko dizeli ya namna hiyo, ingawa najua wengi hapa watanipinga, na ingawa itabidi ubebe madebe ya akiba.

Kuhusu matairi nitasema kwa msisitizo. Kabla ya kufika ziwani kuna mawe meusi ya volkano yenye makali, na yanakata tairi ubavuni, mahali ambapo pancha haizibiki. Rimu zangu za inchi 17 zilikuwa na tairi zenye ubavu mrefu na nyuzi ngumu, na nilibeba mbili za akiba. Mwenzangu alikuwa na rimu za inchi 19, tairi nyembamba ubavuni, na alipochanika moja hakukuwa na duka hata moja njiani lenye saizi hiyo. Ukinunua gari lenye rimu kubwa za urembo, ziuze kabla hujatoka, utafute za inchi 16 au 17 iwapo breki zinaruhusu.

Chalbi ni sakafu ya ziwa lililokauka. Wakati wa kiangazi unaweza kuivuka kwa raha ukifuata alama za magari yaliyotangulia. Mvua ikinyesha, hata kidogo, zunguka, kwa sababu ganda la juu ni kavu na chini yake ni tope lisilo na mwisho.

Mchangiaji wa Muscat

Assalamu alaykum. Wazee wangu ni wa Unguja, nami nimekulia hapa Oman, ambako mwishoni mwa wiki vijana huenda kwenye mchanga wa Wahiba kama wa huko wanavyokwenda ufukweni. Huku gari linalopendwa sana kwenye mchanga, pamoja na Land Cruiser, ni Nissan Patrol ya umbo la Y61, yenye ekseli nzima (mhimili mmoja kutoka gurudumu hadi gurudumu) mbele na nyuma, springi za koili na injini ya petroli ya lita 4.8. Ekseli haivunjiki kwa urahisi, na injini inavumilia joto la Julai. Inakunywa petroli bila huruma, jambo ambalo kwetu si tatizo kubwa na kwenu ni tatizo kubwa sana.

Sikushauri uagize gari la huku: usukani uko kushoto, na vipuri vya injini hiyo sidhani kama utavipata Mpanda. Nimechangia kwa ajili ya jambo moja tu. Watu hutumia fedha nyingi kununua difu ya kufunga, inayolazimisha magurudumu ya pande zote mbili yazunguke pamoja, na winchi, ilhali kinachowakwamisha ni upepo uliojaa kwenye tairi. Sisi hushusha hadi 15 psi, wakati mwingine chini kidogo, kabla hatujagusa mchanga, na gari lililokuwa linazama linapita juu. Kwenye mito ya mchanga ya Ruaha 18 au 20 itakutosha kwa gari lenye mzigo. Sharti lake ni uwe na pampu ya kujazia ukitoka, kwa maana ukirudi kwenye mawe au lami na tairi laini utaichana au ivuke rimu.

Mchangiaji wa Mwanza

Mimi nina Suzuki Jimny ya zamani, ya lita 1.3, na najua mtanicheka. Tuliingia Serengeti kwa lango la Ndabaka kipindi cha mvua, na udongo mweusi wa mfinyanzi wa upande ule, ukilowa, hujaa kwenye kashata za tairi mpaka tairi inakuwa telezi kama yai. Magari makubwa mawili yalikuwa yamelala hadi ekseli. Jimny nayo ilikwama, lakini kwa kuwa uzito wake unazidi tani moja kidogo tu, vijana wanne waliinyanyua upande wa nyuma, wakaweka matawi, tukaondoka. Yale makubwa yalisubiri trekta.

Ina chasisi kamili, ekseli nzima mbele na nyuma na gia nzito ya kwenda polepole kwa nguvu, kwa hiyo si mchezo wa kitoto. Kwako wewe mwenye familia ya watu wanne, hata hivyo, siipendekezi: tenki ni la lita 40, na ukikaa watu wanne hakuna pa kuweka sufuria. Ninachotaka uondoke nacho ni suala la uzito. Lita 20 za maji ni kilo 20, dizeli kiasi hichohicho inakaribia kilo 17, na hema la juu ya gari mara nyingi huzidi kilo 50. Ukiviweka vyote juu ya paa, gari lolote litayumba kwenye mteremko wa pembeni. Weka maji chini, nyuma ya kiti, na lala kwenye hema la ardhini iwapo hifadhi inaruhusu.

Mchangiaji wa Nanyuki

Land Rover Defender yenye injini ya dizeli ya 300Tdi, lita 2.5, haina kompyuta ya injini, na bodi yake ni ya alumini, kwa hiyo kutu inajificha kwenye chasisi na watu wanasahau kuitazama. Ninaitengeneza mwenyewe kwa spana chache. Sharti ni hilo: uwe mtu wa kuitengeneza mwenyewe. Asiyependa mikono yake kunuka oili akanunue kitu kingine.

Mwanzisha mada, Morogoro

Nawashukuru sana. Naanza kuegemea Land Cruiser ya 1HZ au Prado ya petroli. Nimesikia kuna mkonga unaouzwa kwa mnada, uliokuwa wa shirika fulani. Je, mtu anakagua nini, na je, si nafuu kuagiza Japani?

Mchangiaji wa Dodoma

Ndugu yangu, nianze na Japani. Jamii ya 70 iliacha kuuzwa huko mwaka 2004, ikarudi kwa muda mfupi 2014 ikiwa na injini ya petroli ya lita 4.0, kisha tena 2023 ikiwa na dizeli ya kisasa ya lita 2.8, kwa hiyo ya 1HZ utakayoiona kwenye minada ya Japani ni ya zamani. Wakenya hawawezi hata kuiingiza, kwa kuwa sheria yao haipokei gari la zaidi ya miaka minane. Sisi tunaruhusiwa, ila tunalipa ushuru wa uchakavu, na ukiujumlisha bei inakuwa si ya mtumba tena. Tena magari mengi ya kaskazini mwa Japani yamepita kwenye barabara za theluji zilizomwagwa chumvi. Lala chini yake na tochi kabla ya kufurahia rangi.

Gari la shirika ni kinyume chake: limetumikishwa hapahapa, lakini mara nyingi lilikuwa na ratiba ya matengenezo na daftari lake. Ulizia daftari hilo kwanza. Kisha washa injini ikiwa ya baridi kabisa. Ukikuta wameshaipasha moto kabla hujafika, rudi siku nyingine. Fungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa inaunguruma, uone kama inapuliza moshi kwa nguvu. Tazama maji ya rejeta kama yana mafuta. Inua magurudumu ya mbele kwa jeki uyatikise juu na chini, ujue hali ya beringi, na uangalie kama grisi na oili vinavuja nyuma ya gurudumu. Ingiza gia nzito, funga habu za mbele (vifungo vya katikati ya magurudumu vinavyoyaunganisha na nguvu ya injini), uende mita kadhaa kwenye udongo, kwa sababu magari ya ofisini hukaa miaka bila kuingizwa gia hiyo na levya hukwama.

Mwisho, chukua brashi ya waya usugue tope kwenye chasisi pale sanduku la usukani linapofungwa na pale springi za nyuma zinapokaa. Gari lililopita miaka mingi kwenye barabara za mawimbi hupata nyufa sehemu hizo, na muuzaji mjanja huzipaka rangi nyeusi. Ufa uliochomelewa vizuri na kuongezewa bamba si sababu ya kuliacha gari, bali ni sababu ya kushusha bei. Ufa uliopakwa rangi, liache.