Stempu za Hungaria za 1871: nitatofautishaje chapa ya jiwe na chapa ya kuchonga?

Mpenda_Bahasha (Mombasa)

Wakuu, habari zenu. Kuna fungu la stempu za Hungaria linauzwa mtandaoni na bei yake inashawishi. Ndani yake zipo sita za mwaka 1871 zenye sura ya mfalme Franz Joseph (2, 3, 5, 10, 15 na 25 krajczár, sarafu ya wakati ule), na muuzaji anasema ile ya 3 ni ya chapa ya jiwe. Zipo pia za 1919 zilizopigwa maandishi juu yake, kama ishirini hivi, na bahasha mbili za 1946 zilizobandikwa stempu mpaka nyuma. Picha ni za upande wa mbele tu. Nikague nini kwanza, na kipi nisikilipie bila cheti?

kioo_10x

Anza na za 1871, maana bei yote ya fungu imeegemea hapo. Mwaka huo Hungaria ilitoa stempu zake za kwanza kwa njia mbili na mchoro uleule: kwanza kwa jiwe (litografia, yaani mchoro ukiwa juu ya jiwe bapa), kisha muda mfupi baadaye kwa bamba lililochongwa. Ya jiwe haikudumu, ndiyo maana ni adimu. Katika katalogi ya Scott namba 1 hadi 6 ni za jiwe, 7 hadi 12 ni za kuchonga. Tofauti ya bei, hasa kwa ile ya 3 ya kijani, ni kubwa mno kuamuliwa kwa macho ya muuzaji.

Chukua kioo cha kukuza mara 10 na utazame shavu, nywele na kivuli cha shingoni. Chapa ya kuchonga ina mistari myembamba inayosimama peke yake, na wino umeinuka juu ya karatasi; ukiiinamisha stempu chini ya taa ya pembeni utaona vimatuta vyake. Chapa ya jiwe imelala bapa, mistari imeshikana, sura inaonekana imefifia. Rangi usiitegemee. Jua na maji hubadilisha rangi, na ya kuchonga iliyopauka ndiyo huuzwa kila siku kwa jina la jiwe.

Halafu meno ya ukingoni. Zote za 1871 zina meno ya 9½, yaani matundu tisa na nusu katika sentimita 2. Matundu ni makubwa na yako mbalimbali, kwa hiyo mara nyingi yameula mchoro upande mmoja. Ukiona stempu imekaa katikati kabisa na pembezoni pana, furahi kidogo kisha ipime pande zote nne. Upande mmoja ukitofautiana na mingine, au ncha za meno zikiwa zimenyooka kama zimekatwa kwa wembe, hayo meno yametobolewa upya.

Omba picha ya 1200 dpi, mbele na nyuma. Akikataa, jibu umeshapata.

Muhuri_Mweusi

Naongezea muhuri wa posta, kwa sababu wengi wanautazama kama uchafu. Pest, Buda na Óbuda ziliunganishwa kuwa jiji la Budapest Novemba 1873. Stempu ya jiwe yenye muhuri wa BUDAPEST imetumika zaidi ya miaka miwili baada ya kutolewa. Si lazima iwe ya kughushi, ila ni swali la kumuuliza muuzaji. Muhuri wa PEST wa katikati ya 1871 ndio unaotarajiwa.

Sasa za 1919. Hapo ni msitu. Baada ya vita kila jeshi lililoingia Hungaria lilipiga maandishi yake juu ya stempu zilizokuwepo: Wafaransa Arad (“Occupation française”), Waserbia Baranya, Waromania Debrecen (“Zona de ocupatie”), na serikali iliyoipinga ile ya Budapest ilipiga zake Szeged. Stempu za chini (zile zilizopigwa maandishi juu yake), kama zile za wavunaji na za jengo la bunge, zilikuwa rahisi na zimejaa mpaka leo. Mghushi hahitaji kutengeneza stempu, anahitaji kichapishi kidogo tu.

Kwenye stempu iliyotumika, maandishi yanatakiwa yawe chini ya wino wa muhuri. Yakiwa juu ya muhuri, stempu ilitumika kwanza ikapigwa maandishi baadaye, na hapo habari imekwisha. Soma tarehe pia. Kwa ambazo hazijatumika hakuna njia ya mkato: unahitaji sampuli ya kweli ulinganishe urefu wa herufi na unene wa mistari. Mimi nisingelipia ishirini za namna hiyo zaidi ya bei ya stempu za chini.

Posta_ya_Zamani

Mnazikimbilia stempu, ilhali bahasha za 1946 ndizo zenye cha kusoma. Mfumuko wa bei ulifika mahali ambapo sarafu mpya, forint, ilipoanza tarehe 1 Agosti 1946, forint 1 ilikuwa sawa na pengő (sarafu ya zamani) 4 zenye sifuri 29 nyuma yake. Ada za posta zilipanda mfululizo, ikabidi baadhi ya stempu zipigwe maneno badala ya thamani: “Helyi” kwa barua ya ndani ya mji, “Távolsági” kwa ya mbali.

Kwa hiyo fanya hivi: soma tarehe ya muhuri, jumlisha stempu zote za mbele na nyuma, kisha linganisha na ada ya siku ile. Angalia kipimo usije ukachanganya pengő, milpengő (milioni ya pengő) na adópengő (pengő ya kodi), iliyokuwa kipimo cha pembeni. Jumla ikilingana, una barua ya kweli iliyolipiwa sawasawa. Ikizidi sana, huenda mkusanyaji wa wakati ule alijitumia mwenyewe. Ni halali, ila thamani iko chini. Bahasha yenye stempu za pengő peke yake na muhuri wa Septemba 1946, forint ikiwa imeshaanza? Iache.

Mpenda_Bahasha (Mombasa)

Asanteni sana wakuu. Bahasha hizo nizitoe stempu nizisafishe kwa maji?

Posta_ya_Zamani

Usiguse! Ukiitoa stempu umebaki na karatasi ya senti chache, na ushahidi wa ada umekwenda na maji.

kioo_10x

Na huko pwani unyevu utakuangusha kabla ya mghushi. Stempu zenye gundi usizigandamize kwenye albamu iliyojaa; zitashikana. Weka albamu wima kwenye sanduku linalofunga vizuri pamoja na vifuko vya silika, na uvikaushe vinapolowa. Shika kwa kibano, si kwa vidole.

Kuhusu ununuzi: mwambie muuzaji atenge ile ya 3 krajczár. Ilipie kama ya jiwe endapo tu ina cheti chenye picha kutoka kwa mkaguzi anayetambulika, mfano wa BPP, chama cha wakaguzi wa stempu cha Ujerumani. Sahihi ndogo ya penseli au kimuhuri mgongoni hakitoshi, navyo hughushiwa. Zilizobaki za 1871 zilipie kwa bei ya chapa ya kuchonga.