Mwenye sola mjini aongeze betri, au usiku abaki na LUKU?

Mleta mada, Dar es Salaam

Wakuu, habari za jioni. Tangu mgao upungue nasikia kelele za pande mbili. Mafundi wanasema sola bila betri ni mapambo ya bati. Wengine wanasema Bwawa la Mwalimu Nyerere lina megawati 2,115, mtambo wake wa kwanza uliingia kwenye gridi Februari 2024, kwa hiyo anayenunua betri sasa hivi hela zimemzidi. Naomba tubishane kwa hesabu, ushabiki tuwaachie Simba na Yanga.

Msimamo wangu nauweka mapema: nyumba nyingi za mjini zenye umeme wa TANESCO, betri hairudishi hela yake kwenye bili. Anayenunua anunue kwa sababu ya giza, na anunue ndogo.

Tarifu 1, ya matumizi ya kawaida, uniti (kilowati-saa moja) ni shilingi 292. Weka VAT 18%, tozo ya umeme vijijini (REA) 3% na ya mdhibiti wa nishati (EWURA) 1%, inafika kama 356. Ndiyo maana LUKU ya elfu kumi inakupa uniti 28, ukiacha siku wanayokata kodi ya jengo. Sasa chukua betri ya lithiamu ya volti 51.2, ampea 100, yaani uniti 5 na kidogo. Tuseme umeipata kwa milioni 3. Kama kwako bei ni nyingine, weka ya kwako. Ukiitumia asilimia 80 kila siku unapata uniti 4, sawa na shilingi 1,424. Kwa mwaka ni kama laki tano na ishirini. Chini ya miaka sita hela imerudi. Muuzaji anaishia hapo, anakupa risiti.

Asichokuuliza ni usiku nyumba yako inakula nini. Mfano wa nyumba ya kawaida, kuanzia saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi: friji uniti 0.6, feni mbili za wati 60 kwa saa tisa uniti 1.1, taa tano za LED hazifiki 0.3, TV saa nne 0.3, ruta 0.1. Jumla haifiki uniti 2.4. Betri ya uniti 5 inalala nusu imejaa. Kwa uniti 2.3 unaokoa shilingi 820 kwa siku, na milioni 3 inarudi baada ya miaka kumi. Hapo sijagusa masika, ambapo paneli zinahangaika hata na mzigo wa mchana.

Mwenye AC chumbani aseme, najua hesabu yake si hii.


Mchangiaji, Mbezi

Mkuu, umeacha jambo kubwa: tarifu 4. Mteja asiyezidi uniti 75 kwa mwezi analipa 100 kwa uniti, na makato yote inakuwa 122. Nyumba inayokula uniti 130 ikihamishia pasi, pampu na mashine ya kufulia mchana, kwenye paneli tupu bila betri, inaweza kushuka chini ya 75. Ukiomba kubadilishiwa tarifu ukakubaliwa, uniti yako ya usiku ni 122. Zile uniti 2.3 zinakuwa shilingi 280 kwa siku, laki moja na kidogo kwa mwaka. Betri ya milioni 3 itajilipa baada ya miaka karibu 30, wakati yenyewe imeshazikwa zamani.

Angalizo tu: ukivuka 75, uniti ya ziada ni 350 kabla ya makato. Usisherehekee ukawasha AC.


Fundi sola, Temeke

Mnahesabu kana kwamba umeme haukatiki. Simu ninayopigiwa sana ni hii: "Fundi, TANESCO wamekata, saa saba mchana, jua linachoma, mbona ndani hakuna umeme?" Naenda naangalia, nakuta kafungiwa inveta (kifaa cha kugeuza umeme wa paneli uwe wa nyumbani) ya kuunganisha na gridi, betri hakuna. Inveta ile imetengenezwa izime gridi ikipotea. Isingezima, ingerudisha umeme kwenye waya wa barabarani, na pale juu ya nguzo yupo mtu anatengeneza, akidhani waya umekufa. Kwa hiyo mwenye sola ya namna hiyo anakaa gizani pamoja na jirani asiye na paneli hata moja. Hili muuzaji halitaji mpaka hela imeshaingia.

Na mnaotaja bwawa: megawati ziko Rufiji. Umeme wa kwako unakatikia kwenye transfoma iliyozidiwa, nguzo iliyooza au mwembe ulioangukia waya. Gridi nzima ilianguka usiku wa kuamkia Jumatatu ya Pasaka, 1 Aprili 2024, na mtambo wa bwawani ulikuwa umeshawashwa.

Nikiwa hapa niongeze moja. Watu wanakimbilia betri za risasi, aina ile ya betri za gari, kwa sababu ya bei. Ile ya volti 12, ampea 200, imeandikwa uniti 2.4, ila ukitaka idumu unatumia nusu tu. Halafu joto: kila nyuzi 10 zikizidi 25, umri wake unakatika karibu nusu, na watu wanaziweka stoo isiyo na dirisha, chini ya bati. Betri halisi ya ukubwa huo inakaribia kilo 60. Ukiona umeinyanyua kwa mkono mmoja, mrudishie mwenye duka na umtakie biashara njema.


Mchangiaji, Unguja

Assalaam aleikum. Ndugu zetu wa Bara mnapiga hesabu ya shilingi 356, sisi tunakumbuka Disemba 2009. Hitilafu ilitokea Fumba, unapoingilia waya wa chini ya bahari unaotuletea umeme kutoka Bara, na Unguja nzima ikakaa bila umeme hadi Machi 2010. Mwaka 2008 nako karibu mwezi. Samaki walioza, maji hayakupanda, mtaa mzima ni mngurumo wa jenereta na harufu ya petroli. Uniti ambayo haipo bei yake ni ngapi? Mie betri nishaweka, na sijamuuliza mtu itarudisha lini.


Mchangiaji, Mombasa

Hapa kwetu hesabu ni nyingine kidogo, pengine itawasaidia. Kanuni za Kenya za mwaka 2024 zinamruhusu mwenye sola kurudisha umeme kwenye gridi, ila kwa kila uniti unayotoa unahesabiwa nusu. Ukiiweka kwenye betri ya lithiamu usiku utaipata karibu yote, inapotea kama sehemu moja kwa kumi. Kwa hivyo gridi yafanya kazi ya betri, lakini betri inayokula nusu ya chakula chako. Haikudai mtaji wala haifi baada ya miaka kumi. Mtu wa bajeti ndogo aanze na hiyo. Lakini kumbuka ile Ijumaa ya 25 Agosti 2023, nchi karibu yote giza mpaka uwanja wa ndege wa Nairobi. Siku hiyo nusu uniti ulizohesabiwa hazikuwasha hata taa.


Mleta mada

Fundi, naona umekuja kunipinga ukaishia kunisaidia. Nimesema watu wanunue kwa sababu ya giza, na hayo yote uliyotaja ni giza. Wa Unguja vilevile, ila nimkumbushe kitu: kwenye kukatika kwa miezi mitatu kinachokubeba ni paneli. Betri kazi yake ni kukuvusha hadi asubuhi, kwa hiyo bado ipimwe kwa usiku mmoja.

Ninachokataa ni wanaodai serikali itoe ruzuku ya betri za majumbani. Afrika Kusini, kuanzia Machi 2023 hadi Februari 2024, mgao ukiwa umewaka, walimpa mwananchi nafuu ya kodi ya 25% ya bei ya paneli mpya, isiyozidi randi 15,000. Paneli tu. Inveta na betri havikuguswa. Waliangalia mbali: paneli inaongeza umeme wa nchi, betri inampa faraja aliyeinunua. Hela ya ruzuku hapa kwetu ipeleke kwenye transfoma, inahudumia mtaa.


Fundi sola, Temeke

Hapo sikubali. Saa moja jioni kila nyumba imewasha taa, feni, TV na birika kwa pamoja, na transfoma inaungua saa hizo. Nyumba ishirini za mtaa mmoja zikitumia betri zao saa moja hadi saa tatu, mtaa mzima unapumua. Faraja ya mtu mmoja iko wapi hapo?


Mama barafu, Tandika

Samahanini, nauza barafu na juisi. Nina paneli, betri sina. Friza langu nalijaza maji asubuhi, sola inagandisha mchana kutwa, usiku nalizima na silifungui. Likiwa limejaa, asubuhi barafu bado ni jiwe. Pampu nayo inajaza tangi la juu mchana, usiku maji yanashuka yenyewe. Sasa mnaponiambia milioni 3 nawaangalia tu. Fundi, nataka kitu cha kuliwasha na kulizima lenyewe, maana binti nikimwachia anasahau.


Fundi sola, Temeke

Mama, hiyo ni taimeri ya kwenye soketi. Nunua inayohimili ampea 16, liwashe saa 3 asubuhi, lizime saa 10 jioni, kabla jua halijalegea. Usitumie zile nyepesi, friza likianza kuvuta zinaungua. Ila inveta yako ni ya gridi? Kama ndiyo, umeme ukikatika mchana barafu hiyo haigandi, na tangi halijai. Nijibu hilo kwanza ndipo tujue kama betri huihitaji kweli. Kwa taa na feni za watoto usiku, ya uniti 2.5 inakutosha. Wa milioni 3 ni hawa wanaobishana.